Cheni Niliyoikaza Mwenyewe

Cheni mpya ya bodaboda yangu ilikatika nikiwa nimempakia baba wa mchumba wangu kwenda Isikizya. Mzee alikuwa bado anapima kama nafaa kumwoa binti yake.

Asubuhi niliifunga mwenyewe kijiweni Isevya, nikaikaza mpaka haikucheza kabisa. Wenzangu walinicheka: “Hiyo cheni au waya wa gitaa? Ilegeze bwana, ukipakia mtu itavutika ikatike!” Nikawajibu kwamba cheni legevu ni ya wavivu.

Sasa mzee aliinama, akaiokota barabarani.

“Kijana, nani kakufungia hii?”

“Fundi, baba.”

“Mpigie. Niongee naye.”

Nilibonyezabonyeza simu, kisha nikairudisha mfukoni.

“Fundi ni mimi, baba.”

Alivua helmeti, akanikabidhi, akaenda zake kwa miguu. Posa yangu haijajibiwa hadi leo.