Maembe ya Mama Eleni na Chokaa ya Bibi

Enzi zetu, asubuhi ya Tabora ilianzia masikioni. Kabla sijafumbua macho nilisikia mwiko ukigonga sufuria upande wa pili wa ukuta: ngo, ngo, ngo. Kisha kimya. Kisha mwanamke akamwaga kitu uani huku akilaani kwa lugha ambayo mtaani hakuna aliyeijua, ila sote tuliielewa.

"Yameharibika tena," Bibi alisema, akajigeuza na kuendelea kulala.

Huyo alikuwa jirani yetu Mgiriki, mke wa fundi wa malori. Tulimwita Mama Eleni ingawa hakuwa na mtoto, maana kumwita mtu mzima jina tupu kungetuletea kofi.

Wenzangu mnaokumbuka miaka ile ya Mwingereza hamjasahau msimu wa maembe. Yalidondoka juu ya mabati usiku na mchana. Tuliyala mabichi, kwa chumvi na pilipili, njiani kwenda shule, mpaka meno yakafa ganzi. Tulichapwa kwa kuchelewa, na kesho yake tukarudia. Nguo zetu zilikuwa na madoa ya utomvu ambayo hayakutoka kwa sabuni wala kwa matusi ya mama.

Mama Eleni alikuwa na kazi nyingine ya embe. Kwao, mgeni akiingia huletewa kisahani chenye kipande cha tunda lililopikwa katika shira nzito ya sukari. Kijiko kimoja tu, na bilauri ya maji baridi. Huko walitumia machungwa machungu na tini. Huku alikuwa na embe, na embe halikumtii. Kila akilichemsha, linakuwa uji.

Angeweza kuacha, lakini mama mkwe wake alikuwa anakuja kwa gari moshi kutoka Morogoro. Barua yake ilikuwa fupi: akikuta tunda la mgeni mezani, atajua kwamba wana nyumba ya kweli; asipolikuta, watafunga mizigo wakaishi kwake. Na yule mume, aliyeweza kuinua gurudumu la lori peke yake, hakuwahi kumwambia mama yake hapana.

"Bibi, hapa nina mlango wangu mwenyewe," Mama Eleni alisema siku ile, amekaa jikoni kwetu macho mekundu. "Kule nitakuwa mtoto tena."

Bibi alitafuna tambuu yake taratibu, akakibonyeza kipande cha embe kilicholegea alichokuja nacho Mama Eleni. Kisha akafungua kijaluba chake cha shaba na kuchota chokaa, ileile aliyopaka kwenye majani ya tambuu.

"Jaribu hii, mwanangu."

Mama Eleni alijipiga paji la uso. "Chokaa! Mama yangu aliloweka boga katika maji ya chokaa! Nilisahauje?"

"Imenikazia fizi miaka yote hii," Bibi alisema. "Itashindwa na embe?"

Tukaanza upya. Nilimenya maembe mabichi mpaka vidole vikawasha. Tulikoroga chokaa majini, tukaiacha ituame, tukaloweka vipande katika maji ya juu yaliyo safi, kisha tukaviosha mara saba. Shira ilichemka, ndimu ikakamuliwa ili sukari isigande. Mama Eleni alidondosha tone kwenye sahani. Halikutambaa: shira ilikuwa imeiva. Sote watatu tulishusha pumzi.

Mama mkwe alitukuta sote nyumbani kwa Mama Eleni. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, mkononi ana sanduku kubwa linaloning'inia jepesi. Halikuwa na kitu. Alilileta kwa ajili ya vitu vya mkwewe.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba," akajibu kama mtu aliyeishi nchini miaka mingi, macho yake yakizunguka chumba.

Mama Eleni aliweka kipande kimoja kwenye kisahani, akaenda kuchota maji. Bibi aliona kile kipande kimoja, akaona aibu hadi masikioni. Mji wetu ulilelewa na misafara. Wazee wake walipokea watu waliotembea miezi kwa miguu, na nyumbani kwetu kumpimia mgeni chakula kulikuwa sawa na kumfukuza. Akachukua bakuli la supu, akalijaza pomoni, akalisukuma mbele ya mgeni.

Mama Eleni alirudi, akaona, akaiweka bilauri mezani taratibu.

Yule mama alilitazama bakuli. Kwao mgeni hasazi alichokirimiwa. Akauma kipande cha kwanza. Ka! Kilikuwa kigumu nje, laini ndani. Akala. Akaendelea kula, jasho likimtoka, mpaka akamaliza. Akanywa bilauri tatu za maji.

"Kwetu ni kijiko kimoja," alisema akihema.

"Kwetu mgeni hahesabiwi," Bibi akajibu.

"Na kesho?"

"Kesho utakula ugali."

Mama yule alicheka hadi kiti kikalia. Alipofuta machozi, alimgeukia mkwewe. "Nilidhani mko peke yenu huku," akasema.

Siku hizi vijana wetu wanadhani embe huzaliwa ndani ya kopo. Majuzi binti wa dada yangu alinikuta naloweka maembe katika maji ya chokaa, akapiga kelele, "Mama mdogo, unapika ukuta?" Nilimpa kijiko kimoja. Akaomba cha pili, kisha akavuta kigoda na kushika kisu. Anamenya maganda manene mno, lakini atajifunza. Kinachonisikitisha ni kuukosa ule ukuta wetu mwembamba, uliomwezesha jirani kusikia sufuria inapoharibikiwa. Sasa tunajenga kuta nene.

Yule mgeni alikaa siku nne. Siku ya kuondoka, sanduku lake lilimwelemea mwanawe: lilikuwa na chupa sita za maembe, na kifurushi cha chokaa kutoka kijaluba cha Bibi. Mama Eleni alimbusu mkono, akamtazama hadi akavuka kizingiti. Kisha, kwa mkono wake mwenyewe, akaufunga mlango wake.