Kamba ya Kukunjia Tanga

Boti yangu niliiunda mwenyewe hapa Musoma, baada ya miaka mingi ya kupiga msasa boti za matajiri kule Durban. Ada ya stashahada yangu ya kuunda boti hakunilipia mtu. Nalisema waziwazi, maana kwetu Butiama sisi ni watu wa ng'ombe, na nilipoondoka hakuna nyumbani aliyewahi kushika tanga.

Tanga la mbele la boti hii halishushwi. Ukivuta kamba moja tu, linajiviringisha kwenye waya wake kama mkeka. Chini ya waya kuna bobini, kama ile ya uzi wa cherehani: tanga likifunguka, kamba inajizungusha humo, ukiivuta kamba, tanga linajikunja. Kamba ikikwama, tanga linabaki wazi, na upepo wa ziwa letu haupigi hodi. Boti inapinduka.

Na abiria wangu wa kwanza alikuwa mama. Maisha yake yote alilitazama ziwa kwa mbali. Safari hii alitaka kwenda Kiriba kwa dada yake.

"Nitapanda mara moja," aliniambia. "Likinitisha, usiniletee tena habari za maji."

Basi nikaichagua kamba ile kama mtu anavyochagua dume la mbegu. Mwenye duka la nyavu kule mwaloni Mwigobero, rika langu, alicheka aliponiona nimeomba ndoo ya maji.

"Injinia, hapa watu hununuaga kamba kwa rangi!"

"Wanunue. Mimi nanunua kwa kiganja."

Nikazilowesha moja moja, nikazivuta. Ya nailoni ilinyumbuka kama mpira. Ile ya manjano inayoelea iliteleza kama kamongo. Ya poliesta, ya kusukwa, ilishika. Lakini nene iliyopendeza mkononi iliijaza bobini kabla tanga halijafunguka lote, na nyembamba iliyoenea ilinikata kiganja.

Jibu nililiona Butiama, likining'inia ukutani: mjeledi wa marehemu baba, wa kusukumia ng'ombe wa plau. Mnene mkononi, mwembamba kadiri unavyokwenda. Nilisimama mbele yake kama niko kanisani. Chuo kizima, bahari nzima, na jambo lenyewe lilikuwa juu ya mlango wa chumba nilichozaliwa!

Nikanunua ile nene. Sehemu ya kukaa kwenye bobini nikaifungua, nikautoa moyo wake, zile nyuzi za ndani, ikabaki ngozi tupu iliyolala bapa. Sehemu ya mkono nikaiacha na unene wake.

"Umeichuna kama mbuzi," alisema mwenye duka.

"Nimeichuna kama mwenye stashahada."

Siku ya safari mama alikaa kwenye ubao na kitenge chake, rozari mkononi. Nilimweka karibu na ile kamba kwa sababu hapo ndipo palikuwa pakavu. Tulikwenda vizuri hadi Musoma ikawa ndogo nyuma yetu. Kisha ziwa likageuka rangi ya chuma. Nimeiona bahari ikichafuka, lakini sijaona kitu kama ule ukuta wa mvua, mrefu kuliko mlima wowote wa kwetu, ukija kwa miguu juu ya maji. Hata ndege walinyamaza. Boti ikalala upande.

"Mwanangu, hiyo nguo inatutupa!"

Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, wa pili unalegeza tanga la nyuma. Sikuwa na wa tatu.

"Mama, kamba hiyo miguuni pako! Vuta!"

Aliidaka kwa mikono miwili, akakaza miguu kwenye ubao kama anayezuia mtamba asitoroke. "Tulia! Tulia, we!" Kamba haikuteleza wala haikukwama. Ilikuja mkononi mwake, mzunguko kwa mzunguko, na tanga lote la mbele likajikunja likawa fimbo. Boti ikasimama wima. Mvua ikatupita juu, na mimi nikawa namtazama mama na ziwa, nisijue kipi ni kikubwa zaidi.

Kiriba dada yake alikuwa ufukweni, mikono kichwani.

"We dada! Nani kakuleta kwenye maji haya?"

Mama alikuwa bado ameishika kamba. Alimtazama, akanitazama mimi, maji yakimtiririka usoni.

"Nimejileta," alisema. "Na kurudi narudi kwa maji haya haya."