Hadithi ya Upande wa Pili wa Ukuta

Binti yangu ameniuliza kwa nini ninapinda shingo ninaposoma. Tulikuwa jikoni hapa Gatina, chai iko motoni, yeye ananionyesha kitu kwenye simu yake, nami nikainamisha kichwa kushoto kama kuku aliyesikia mlio. Hakukuwa na haja. Simu ilikuwa wima na maandishi yamekaa sawa. Akacheka, akailaza simu ubavu, na maandishi yakageuka yakamfuata. "Ona, Mum, inajigeuza yenyewe." Nikamwambia mimi nilijifunza kusoma mahali ambapo maandishi hayakumfuata mtu. Sisi ndio tuliyafuata, mengine tukiyasoma tumelala chali, mengine tumepanda juu ya ndoo.

Nyumba yetu ya Kianda, kule Kibera, rafiki yangu, ilikuwa imevaa magazeti. Nyanya yangu ndiye aliyesema hivyo: kila Desemba, kabla ya Krismasi, alikuwa "anavisha nyumba." Kilikuwa chumba kimoja tu, kuta tatu za udongo, na ya nne, iliyotutenga na jirani, ya mbao nyembamba na katoni. Unga wa ngano uliobaki kwenye biashara yake ya mandazi aliukoroga kwa maji moto hadi ukawa gundi nzito, akatia tone la mafuta ya taa ili mende wasiipende. Tulipaka gundi kwa mikono. Jioni chumba kizima kilinuka uji na wino, na kuta zilikuwa na unyevu, na mimi nililala nikitazama habari mpya kana kwamba tumehamia mtaa mwingine. Sijawahi kulala mahali pazuri kama pale.

Nyanya hakujua kusoma. Alibandika kwa kufuata ukubwa wa karatasi na uzuri wa picha, kwa hiyo kurasa nyingine zilikaa ubavu na nyingine zilisimama kwa kichwa. Nilipolalamika alisema maneno ni maneno, geuza kichwa chako. Basi nikageuza. Kufika darasa la nne nilikuwa ninasoma hotuba ya waziri iliyopinduka juu ya jiko, imejaa masizi, na tundu la msumari wa kutundikia chekecheke limemtoboa waziri kwenye paji la uso. Tangazo la trekta nililijua kwa moyo. Mpaka leo nikiona trekta ninasikia harufu ya mandazi.

Magazeti yalitoka kwa huyo jirani wa mlango wa pili. Alikuwa fundi wa viatu, mtu wa kule ziwani, mkewe na watoto wamebaki nyumbani. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya Olympic, na asubuhi alinunua gazeti la wateja. Wateja walikaa kwenye benchi miguu mitupu wakisubiri viatu, gazeti limegawanywa, kila mmoja na karatasi yake. Waliokuwa hawawezi kusoma waliuliza, "Hapo wanasemaje?" na mwenzao akawasomea. Likishachoka huko ndipo lilipokuja kwetu. Yeye alichukua kurasa chache za ukuta wake, na gundi ya nyanya ya kuzibandikia, zilizobaki zikawa zetu.

Usomaji wa siku hizo ulikuwa na sauti. Nyanya alichekecha unga, mimi nikamsomea ukuta, na jirani alisikia yote kupitia katoni. Alikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kuingilia, ndiyo hodi yake. Anakohoa, kisha: "Nyathina, rudia hapo, sijashika vizuri." Nyathina kwa lugha yao ni mtoto wangu. Nyanya naye hujibu, "Wewe lipa karo kama unataka kusomewa." Wakacheka, mmoja huku na mmoja kule.

Mwaka ule wa uchaguzi, 2007, gazeti moja la Jumamosi lilikuwa na hadithi ya mfululizo. Ilikuwa ya mwanamke mshonaji, mumewe amekwenda na lori Kampala akapotea, na yeye akabaki akikanyaga cherehani na kusikiliza kila lori linalopita. Nilimwomba nyanya kipande cha ukuta kando ya kitanda, nikazibandika sehemu zote kwa mpangilio, wima, za kusomeka na binadamu. Sehemu ya mwisho kabisa tuliyokuwa nayo iliishia hivi: *Alikuwa akizima taa aliposikia mlango ukibishwa.* Halafu basi. Nilikaa wiki nzima nikifikiria mlango ule.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa Machakos kwa Krismasi. Tulirudi siku moja kabla ya kura kwa sababu nyanya alikuwa amejiandikisha Kibera, na jambo la kwanza nililouliza, kabla ya kutua mzigo, ni hadithi iliishaje.

"Iko kwangu," jirani akasema. "Nishabandika. Kuja usome saa yoyote."

Kesho yake nyanya na jirani walienda kupiga foleni ya kura, kila mtu na mtu wake moyoni. Kisha tukasubiri matokeo, na redio zikawa zinaongea mtaa mzima kwa wakati mmoja. Kisha matokeo yakatoka, na nadhani unajua kilichofuata. Mimi nilikijua kwa harufu. Magurudumu ya magari yaliyochomwa yananuka mpaka ndani ya unga. Nyanya aliacha kukaanga mandazi, tukafunga mlango, na mchana ukawa mrefu ajabu.

Gazeti halikuja. Kilichokuja ni ujumbe wa simu. Nyanya alikuwa na kasimu kadogo ka kupigia jamaa wa Machakos, na siku hizo kalianza kulia bila mtu kupiga. Alinipa nisome. Nilianza kwa sauti, kama nilivyozoea, na kwa neno la pili au la tatu akaniziba mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya unga.

"Polepole. Sikioni."

Ujumbe ulisema jirani yako, na ukataja kabila la yule fundi, amepewa panga, usimfungulie mlango, tuma hii kwa wote unaowapenda. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu kukisoma kwa kunong'ona. Sikujua kwamba kusoma kunaweza kufanywa hivyo, kama kuiba sukari. Nyanya alisikiliza akitazama ukuta wa katoni. Muda mfupi baadaye simu ya jirani nayo ililia upande wa pili, tukasikia akiichukua, tukasikia kimya chake. Hakukohoa.

Siku zikaenda hivyo. Kasimu ketu kanalia, kake kanalia, kila upande unasoma wake ndani kwa ndani. Walipokutana bombani kuteka maji, yeye na nyanya, waliangalia mitungi. Mimi nililala nikijua mlango wa mshonaji uko umbali wa katoni moja, na siwezi kwenda kuona ni nani anayebisha. Nilikuwa mtoto, na niseme ukweli, hilo ndilo lililoniuma zaidi, kuliko siasa yote. Nilihisi kwamba hadithi isipoisha sasa, na huyu mzee naye nimempoteza.

Alasiri moja nyanya alichoka na kimya. Alikuwa amekaa kitandani, mikono haina kazi, na mikono yake haikuwahi kukosa kazi. Akasema, "Soma ukuta." Nikamuuliza kwa sikio au kwa sauti. Akafikiri. "Ukuta unasomwa kwa sauti," akasema.

Nikaanza hadithi ya mshonaji tangu mwanzo. Nilisoma cherehani, nikasoma lori, nikasoma mama mkwe mwenye maneno. Nyanya akaguna pale alipokuwa akiguna siku zote. Nje kulikuwa na kelele za mbali, kisha zikapungua. Nikafika mwisho wa ukuta wetu: *Alikuwa akizima taa aliposikia mlango ukibishwa.* Nikanyamaza, maana hapo ndipo karatasi zilipoishia.

Upande wa pili, mtu akakohoa.

"Akainuka," sauti ya fundi ikasema. Ilikuwa sauti ya kusoma, ile ya kusimama kwenye kila neno. "Akauliza, nani? Mtu akanyamaza. Akauliza tena, nani? Mtu akasema, ni mimi, jirani yako. Mama akaogopa. Kwa sababu alikuwa ameambiwa mambo mengi juu ya huyo jirani. Jirani akasema, sina neno. Nimesikia cherehani imenyamaza siku nyingi. Nikajiuliza kama umekula."

Nikasubiri aendelee. Nyanya alikuwa ameshika kona ya blanketi kwa mikono miwili.

"Halafu?" nikauliza.

"Imeishia hapo," sauti ikasema. "Hawajaandika kama alifungua."

Nilichosikia baadaye ni nyanya akizungumza na katoni, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, ya kubishania bei ya mafuta. "Mwambie aingie."

Tukasikia mlango wake ukifunguliwa, kisha wetu ukabishwa. Alikuwa amesimama pale na unga kidogo kwenye mfuko wa plastiki na sukuma wiki iliyonyauka, macho mekundu kwa moshi au kwa kitu kingine. Nyanya akampokea unga kama mtu anayepokea deni la zamani, akabandika maji ya ugali. Hawakuombana msamaha. Walikula, na walipomaliza nyanya akaweka kasimu kake kwenye kigoda, akamwambia naye aweke kake.

"Sasa huyu asome zote. Na sauti."

Nikasoma. Ule wa nyanya, kisha wa jirani. Ulikuwa ujumbe uleule, neno kwa neno, mpaka kosa la herufi. Kabila tu ndilo lililobadilishwa. Ule niliousoma kwanza ulikuwa unatisha ulipoingia sikioni, lakini uliposomwa mbele ya sahani za ugali ulisikika kama tangazo la trekta. Jirani ndiye aliyeanza kucheka. Nyanya akamfuata, akacheka hadi akafuta machozi kwa kanga, na sijui kama mwishoni kilikuwa bado ni kicheko.

Ningependa kukuambia mambo yakatulia. Hayakutulia, angalau si kwetu. Shangazi yangu aliyekuwa Kabiro, kule Kawangware, alituma neno kwamba ametupatia chumba karibu naye, na ingawa huko nako kulikuwa na yake, nyanya alitaka kuwa karibu na damu yake. Jirani alitubebea kitanda hadi barabarani, akapita nacho mbele ya vijana wa mtaa bila kuangalia pembeni. Kabla hatujaondoka nyanya alinituma chumbani kwa jirani nichukue sufuria yetu.

Niliingia mbio na macho yakaenda moja kwa moja ukutani. Nilitafuta mshonaji. Nilipinda shingo kushoto, nikapinda kulia. Mahali ambapo hadithi ingekuwa, palikuwa na picha kubwa ya rangi ya yule mwanasiasa aliyempigia kura, anatabasamu ukurasa mzima. Alikuwa ameubandika ukurasa picha ikiangalia chumba na hadithi ikiangalia ukuta. Kwenye kona moja karatasi ilikuwa imeloweshwa maji, ikakwanguliwa kwa kitu kama kisu cha ngozi, ikachanika vipande vidogo visivyosomeka. Mwanasiasa alikuwa amepoteza bega zima.

Nilipogeuka alikuwa mlangoni. Akakohoa.

"Gundi ya nyanya yako ni kali sana," akasema.

Hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kumwona. Mambo yalipotulia tulisikia amerudi kwao ziwani, halafu hatukusikia tena. Ile ploti yetu ilivunjwa barabara ilipopanuliwa. Nyanya alizeekea Kabiro kwenye nyumba ya mawe yenye rangi ya krimu, akasema ukuta wa rangi ni kama mtu asiyekuwa na la kusema, na huko ndiko alikofia.

Nilimsimulia binti yangu hayo yote chai ikiwa motoni, na unajua watoto wa siku hizi. Kabla sijamaliza vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kutafuta. Magazeti ya zamani yamepigwa picha, yamewekwa mtandaoni, yote. Ukurasa wa Jumamosi ile ukafunguka kwenye kiganja chake, wima, bila masizi wala tundu la msumari. "Mum, ni hii?" Nikaichukua simu.

Aliyebisha ni mumewe. Amerudi na lori, amemletea kitenge, wanakumbatiana, mwisho. Niliisoma nikiwa nimesimama, chai haijachemka bado, na chini yake kukatokea tangazo la mkopo. Nilihisi kama nimepewa peremende iliyokwisha kutafunwa. Siichukii simu, nisieleweke vibaya. Ninaisoma kutwa, na hata haya nimeyaandika humo. Lakini tunasoma kila mtu wake sasa, kimya, kama tulivyosoma zile jumbe, na nyumba hii ina kuta nzuri za mawe ambazo sijui nyuma yake anaishi nani.

"Sasa ile ingine iko wapi?" binti yangu akauliza. "Ya huyo mzee?"

Nikamwambia haiko mahali. Haijawahi kuandikwa. Walioisikia walikuwa watu wawili, na mmoja amelala makaburini. Akaiweka simu kifudifudi juu ya meza. "Basi nisomee," akasema.

Nikageukia ukuta wa jikoni, ambao una kalenda tu, nikaanza na cherehani, na lori, na mama mkwe mwenye maneno. Nilipofika pale mlango unapobishwa nikanyamaza, kwa mazoea, nikisubiri mtu akohoe upande wa pili.