Kwenda Gatina Kutafuta Kuvu

Safari yangu ya Gatina ilianzia kwenye kikombe cha chai cha Ouma, msimamizi wa ploti yetu, zile nyumba za kupanga, hapa mtaani Soweto West. Mimi hupanda sukuma wiki kwenye magunia mlangoni, na jioni huikata na kuwauzia majirani. Ndiyo kazi inayotulisha mimi na binti yangu Mwende. Mwaka huu inzi weupe, wale wadogo kama chembe za unga, waliyavamia magunia. Ukipita karibu wanaruka wote, na mmoja akaruka hadi kwenye chai ya Ouma.

"Mama Mwende," akasema, akimtoa kwa kijiko, "Jumapili nikitoka kanisa, ama hizi inzi zimeenda, ama magunia yote yanaenda."

Nilikasirika, nikazidi kukasirika nilipokumbuka kwamba inzi ni wangu. Nikampigia Atieno, aliyekuwa jirani yangu kabla ya kuhamia gorofani Gatina, ambako hupanda sukuma juu ya paa.

"Inzi zangu zilikufa zote," akasema. "Kuja ujionee."

Alhamisi asubuhi nikafunga safari. Sisi Wakamba hatuendi kwa mtu mikono mitupu, kwa hiyo nilibeba muthokoi, mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, kwenye mkebe, nikashika njia kwa miguu.

Hapo kituo cha Olympic nilichelewa kuliko popote, maana kila niliyekutana naye aliuliza ninakokwenda. Nikamwambia mama wa mitumba kwamba naenda Gatina kuangalia wadudu.

"Kwani huku hawatoshi?" akauliza.

Ngong Road nilisimama kando nikingojea magari yaishe. Hayakuisha. Nilivuka nyuma ya mzee mmoja wa mkokoteni aliyeonekana hana haraka ya kuishi wala ya kufa, kisha nikaifuata Naivasha Road hadi kituo cha Kawangware 56. Pale, kati ya duka la mabati na saluni, msichana alinishika mkono. "Mathe, kuja nikusuke. Hiyo nywele imeteseka." Nilikuwa nimejifunga kitambaa kichwa kizima. Sijui aliziona vipi.

Kufika Gatina si kazi. Kazi ni ngazi za Atieno. Nilipofika juu sikuweza hata kusalimu, nikamkabidhi tu mkebe. Akanigeuzia jani la sukuma. Upande wa chini walikuwepo inzi wangu wale wale, wamekufa, kila mmoja ameota manyoya meupe kama mkate uliosahaulika kabatini.

"Ni kuvu," akasema Atieno. "Unainyunyiza jioni, jua likitulia. Inamshika mdudu kwa ngozi, inaingia ndani, inamkula polepole. Akishakufa, inaota nje."

"Na mtu je?"

"Mtu haina haja naye."

Hata hivyo nilijipangusa mikono kwenye leso. Akaniambia inauzwa agroveti, yale maduka ya dawa za mimea, na hapo 56 ipo.

Wakati wa kurudi nikaingia agroveti nikijiona mtaalamu. "Dawa ya kuvu iko?"

"Iko, mathe. Ya mboga?"

"Ya mboga."

"Hii ni moto. Ukipiga mara moja unasahau."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Jioni nikanyunyiza, na Ijumaa nikaamka mapema kuhesabu maiti. Hakuna hata mmoja. Jumamosi inzi walikuwa na afya ambayo sijawahi kuiona, na mmoja nadhani alikuwa amenenepa. Nikampigia Atieno kwa hasira.

"Mama Mwende," akauliza, "dawa ya mbu inafanya nini?"

"Inaua mbu."

"Na dawa ya panya?"

"Inaua..."

"Woi! Nilikutuma ununue kuvu, wewe umenunua dawa yake. Umeenda ukawatibu!" Alicheka mpaka simu ikakatika.

Jumapili Ouma alitoka kanisani na suti yake, nyuma yake mtu wa mkokoteni. Nilimweleza ukweli wote, maana niliona chakula cha mwanangu kikipakiwa.

"Ngoja," akasema. "Mimi niko na homa wiki mzima, hakuna mtu amenipea hata Panadol. Na inzi zimetibiwa?"

"Kwa makosa, Baba."

Akajaribu kukunja uso, ukakataa. Alicheka akishika ukuta, na mtu wa mkokoteni naye akacheka bila kujua sababu. "Wiki moja," akasema. "Moja tu." Niliketi kwenye mawe, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Jumatatu Atieno alikuja mwenyewe na kuvu halisi. Kwanza tuliosha kila jani, isije dawa yangu ikaua kuvu yake. Tukanyunyiza jua lilipotua. Kabla ya wiki kuisha, inzi walianza kudondoka na manyoya yao.

Nilichojifunza ni hiki: siku hizi nikiingia agroveti sitaji dawa kwanza. Nasema ninayetaka afe, na ninayetaka abaki.

Jumapili iliyofuata Ouma alikuja bila mkokoteni. Alipiga gunia teke kidogo, akangoja. Hakuna kilichoruka. Akainama, akageuza jani, akalitazama kwa muda mrefu.

"Nikatie mboga za jioni," akasema. "Lakini chagua majani haina marehemu."