Mama Alipopewa Viza

Mpaka leo nikikumbuka, uso unawaka moto. Nilikuwa namhudumia mzee mmoja wa Kizungu nyumbani kwake, hapa Garland, ughaibuni. Siku moja nikampelekea mama kule Mombasa picha: mimi na koti refu, nimesimama mlangoni kwa mzee. Nyuma nikaandika, "Hapa ndipo kwangu." Hata barua ya mwaliko nilimwandikia bila wasiwasi, maana mtaani kwetu kila aliyeomba viza alinyimwa.

Mama akapewa!

Alipofika nikamlaza kwenye kijumba changu cha kupanga, nikamwambia nyumba inapakwa rangi. Siku ya tatu, sina wa kumwachia, mjinga mimi nikaenda naye kazini. Kuuona ule mlango tu, akaingia na bismillahi yake, akakaa kwenye kiti cha mzee.

"Mkaribishe mgeni wako, mwanangu. Mbona wamsimamisha?"

Mzee ameduwaa. Mama akatoa ile picha mkobani, akampa kwa fahari. Mzee akaitazama sana. Nyumba hata hakuitaja.

"Hilo koti," akaniuliza kwa Kiingereza, "si la marehemu mke wangu?"

Mama akanigeukia, anatabasamu. "Asemaje?"