Mgonjwa wa Pili Kutoka Tetu

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa muuguzi katika chumba cha dharura cha wagonjwa wa akili, kwenye hospitali moja mjini Nyeri. Nilikuwa msichana wa upande wa Chuka, nimemaliza mafunzo majuzi tu, na niliamini fomu ikijazwa vizuri hakuna lisilowezekana.

Asubuhi moja wanaume wawili walimleta ndugu yao, mkulima wa Tetu. Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na ng'ombe mkubwa wa maziwa, mweusi mwenye mabaka meupe. Walikuwa wametembea tangu alfajiri, maana bila ng'ombe yule alikataa kuja.

"Hajalala siku nne," kaka mkubwa aliniambia. "Anakaa zizini akimlinda. Ati majirani wanataka kumchukua, wamwachie mwingine anayefanana naye."

Mgonjwa mwenyewe alinitazama kwa macho mekundu. "Sista, mimi siko na shida. Lakini nikilala, hii ng'ombe yangu itaenda."

Nilimwambia atapewa kitanda, chakula na sindano ya usingizi. Akauliza ng'ombe atapewa nini. Nikasema atarudi nyumbani. Hapo akajizungushia kamba kiunoni mara mbili na kuketi mlangoni. Askari wa lango akaja, akamtazama ng'ombe, akakumbuka kazi nyingine.

"Muandike," mgonjwa alisema. "Ukimuandika kwa kitabu ya serikali, hakuna mtu ataweza kumbadilisha."

Niliona ana hoja. Nikachukua faili mpya. Penye jina niliandika "wa Tetu, wa pili". Jinsia: kike. Umri: miaka sita. Watoto: watatu. Hali: hazungumzi, anatafuna muda wote hata bila chakula. Nilipomsomea mgonjwa, alitaka niongeze kovu juu ya jicho la kushoto, nikaongeza. Akanikabidhi kamba, akakubali sindano. Alipitiwa na usingizi kabla sijamvua viatu.

Kaka zake walimfunga ng'ombe nyuma ya jikoni, wakaenda kutafuta chai. Nami kwa haraka nikaiweka ile faili pamoja na za daktari.

Daktari wetu alikuwa na tabia ya kusoma faili zote akiwa amesimama, kabla ya kumwona mgonjwa yeyote.

"Huyu mama wa Tetu ananitia wasiwasi," alisema. "Tangu lini hazungumzi?"

Nikajibu, "Tangu azaliwe, daktari."

"Maskini. Na hili kovu? Anapigwa nyumbani?"

"Hapana, daktari. Anapendwa sana."

Akaandika sindano, asubuhi na jioni, na kwamba aogeshwe. "Yuko kitanda gani?"

"Yuko nje, daktari."

"Nje! Mgonjwa wa namna hii?"

Alitoka mbio, mimi nyuma yake. Tulipofika, ng'ombe alikuwa ameifikia kamba ya kuanikia nguo, na nusu ya shuka la wadi ilikuwa tayari mdomoni. Daktari alisimama. Akamtazama ng'ombe, akaitazama faili, akaisoma upya mstari kwa mstari. Mimi nilishaanza kupanga nitakavyomwambia baba kwamba nimefutwa kazi.

"Sista," alisema hatimaye, "maelezo haya hayana kosa hata moja."

Akashika shuka, nami nikamsaidia kuvuta. Ng'ombe naye akavuta. Shuka likararuka, daktari akaketi matopeni na koti lake jeupe, akacheka mpaka wapishi wakatoka na miko yao kuangalia nani amezidiwa.

Mkulima alilala mpaka kesho yake mchana. Alipoamka nilimpeleka nyuma ya jikoni. Alimzunguka ng'ombe, akamshika masikio, akapapasa kovu. Kisha akaomba ndoo, akachuchumaa, akaanza kumkamua huku machozi yakimtoka.

"Nilikuwa nimechoka, sista," alisema. "Nilichoka sana."

Alikaa nasi wiki mbili. Siku ya tatu aliwaruhusu kaka zake wamrudishe ng'ombe nyumbani. Aliwasindikiza hadi langoni, akawapa maagizo ya majani na maji hadi wakachoka kuitikia, kisha akaniuliza kama uji bado upo.