Jumamosi Kocha Tegethoff Alipozibwa Mdomo

Russ Tegethoff alicheza kiungo miaka kumi na mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwona akikimbia sana. Alikuwa mzito wa miguu tangu utotoni, kule kusini mwa jiji la St. Louis, Marekani, ambako watoto wa parokia huchezeshwa mpira kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Kilichomfikisha kwenye ligi za kulipwa ni mdomo. Alisimama katikati ya uwanja akiwapanga wenzake kwa sauti: huyu rudi, yule geuka, wewe mwachie. Wao wakakimbia, yeye mpira ukamfuata alipo. Walimwita Redio, na aliyempa jina hilo ni kipa aliyechoka kusikiliza.

Goti lilipomgomea akiwa na timu ya Milwaukee, alirudi nyumbani, akawa anauza vigae kwenye ghala la mjomba wake mchana na kufundisha wasichana wa miaka kumi na mitatu jioni. Mcheza kwao hutunzwa. Wazazi walimpenda, na kelele zake waliziona ndio ujuzi wenyewe.

Aliyemkosesha raha ni Selma Kurtović. Binti huyo alikuwa na miguu ambayo Russ hakuipata hata ndotoni, lakini pasi zake zilichelewa. Si sana, kufumba na kufumbua tu, na hapo beki wa wapinzani ameshafika. Russ alimzidishia mazoezi, akamwelekeza kwa sauti kubwa zaidi. Wapi! Mwisho wa Septemba mama yake Selma akapiga simu: binti ameuchoka mpira, atacheza Jumamosi hiyo, basi. Russ aliumia, na kilichomuuma zaidi ni kutokujua sababu, maana yeye swali likimwingia halimtoki.

Jumamosi yenyewe ilikuwa siku ya kimya, ambayo ligi yao huipanga kila vuli ili watoto wacheze bila kelele za wakubwa. Wazazi kwenye viti vyao vya kukunja hawaruhusiwi kutamka neno, wala makocha, na mama mmoja hupita na ndoo ya pipi za vijiti kuziba midomo. Miaka mingine Russ alidanganya, akinong'ona nyuma ya kiganja. Safari hii mama wa ndoo alimjia na pipi mbili.

"Moja ya sasa, moja ya kipindi cha pili," alisema. "Nakujua, Russ. Na refa wa leo ni shemeji yangu."

Russ akaketi mwisho wa benchi, shavu limevimba kwa pipi. Kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kusema, akabaki kutazama, kazi ambayo hakuwa ameifanya siku nyingi. Mpira wa kwanza ukamfikia Selma. Kabla ya kuupiga, aligeuza shingo akamwangalia Russ. Wa pili, vilevile. Wa tatu. Kumbe kule kuchelewa kote ni macho yaliyokuwa yakisafiri hadi kwenye benchi kungoja amri! Russ aliona aibu. Alitaka kumpigia kelele asimwangalie, kisha akajiona mjinga. Ikabidi ainamishe kichwa na kukagua viatu vyake kila mpira ulipomwendea Selma.

Kipindi cha pili yule binti aliacha kumtafuta. Akapiga pasi moja kushoto, mahali pasipo na mtu, na Russ akauma kijiti cha pipi, kwa maana kulia palikuwa peupe. Winga wa timu yake Selma akachomoka kushoto kule, akafunga. Mechi waliipoteza mbili kwa moja.

Wasichana walipokuwa wakivua viatu, Russ alimfuata Selma.

"Ile pasi ya kushoto. Mimi ningekwambia kulia. Uliona nini?"

"Beki wao wa upande ule mguu unamuuma," Selma alisema. "Anaficha, ila kila akigeuka anauonea huruma."

Russ, mwenye goti bovu, hakuwa ameliona hilo.

"Mambo kama hayo huwa unayaona?"

"Karibu kila mechi."

"Sasa mbona huniambii?"

Selma alimtazama bila hasira. "Ungenisikia saa ngapi, Kocha? Si unaongea."

Russ akasema, kwa sauti ndogo asiyoizoea, kwamba Jumanne kuna mazoezi, na angependa kusikia mengine.

Selma alitupa begi begani.

"Nitakuja," alisema. "Lakini ukae pale pale ulipokaa leo."